Mara Moja Tu: Hotuba Kuhusu Usalama Wetu Bustanini

Haya ni maneno niliyosema mbele ya wanachama wenzangu tulipokutana kabla ya msimu wa kupanda. Waliokosa kufika waliomba hotuba nzima, nami nimeiandika kama ilivyotoka mdomoni. Picha za ukutani nimeziacha.

Mwenyekiti, wazee wetu, akina mama na akina baba, vijana mliosimama huko nyuma kwa kukosa viti, habari zenu. Asanteni kwa kunipa nafasi. Najua wengi mmekuja kwa ajili ya mbegu zitakazogawiwa nikimaliza, kwa hiyo sitawachosha.

Nianze kwa kuwauliza. Nani hapa akienda kupogoa mti mkubwa huvaa buti, glavu na kofia? Naona mikono mingi. Haya, shusheni. Na nani, akipita bustanini jioni akiwa na ndala miguuni, akaona tawi moja limechomoza njiani, hurudi kwanza ndani kuvaa glavu ndipo alikate? Mmoja tu. Mama, wewe unaweza kwenda kuchukua mbegu zako sasa hivi.

Ndugu zangu, hilo ndilo lililonileta. Siku ya kazi kubwa huwa tunajiandaa. Tunavaa, tunanoa, tunaita msaidizi, watoto tunawafukuza. Bustani hutupata siku tusiyokuwa kazini, kwenye kazi ya mara moja tu. Nakata hiki mara moja tu. Napanda hapo juu mara moja tu. Nazibua hii mashine mara moja tu. Mimi ni muuguzi, na kwenye chumba cha vidonda watu walioumia bustanini nawatambua kabla sijawauliza kitu. Wanaingia wakiwa tayari wanajitetea: "Sista, nilikuwa nafanya mara moja tu."

Tuanze na kilicho kidogo kuliko vyote, mwiba. Wahenga walishasema, mdharau mwiba mguu huota tende. Msemo mnaujua, na mwiba mnaudharau.

Kuna askari polisi mmoja wa Uingereza ambaye jina lake limebaki kwenye historia ya dawa, Albert Alexander. Mwanzoni mwa 1941 alikuwa amelazwa hospitalini mjini Oxford, vijidudu vimemwenea usoni na kichwani, jicho moja limeshatolewa, na mapafu nayo yameanza kuguswa. Tarehe 12 Februari madaktari wakamchoma penisilini, dawa ambayo wakati huo bado ilikuwa kwenye majaribio. Ndani ya siku chache homa ikashuka, akaanza kula. Tatizo ni kwamba dawa yenyewe ilikuwa kiduchu. Walifika mahali pa kuichuja kutoka kwenye mkojo wake ili wamchome tena ile ile. Ikaisha. Tarehe 15 Machi akafariki.

Kwa miaka mingi imesimuliwa kwamba yote yalianza na mwiba wa mwaridi uliomkwaruza usoni. Baadaye ikaja kuelezwa kwamba kuna uwezekano mkubwa aliumia kwenye shambulio la mabomu, maana ilikuwa vita. Sasa mbona nawaletea kisa chenye ubishi? Kwa sababu madaktari wameisimulia hiyo habari ya mwaridi kizazi hadi kizazi bila kuishangaa. Wanajua mkwaruzo unaweza kumfikisha mtu huko. Sisi leo dawa tunazo, lakini dawa haimsaidii mtu aliyekaa nyumbani wiki nzima, kidole kimevimba na kung'aa, mstari mwekundu unapanda mkononi, naye anasema ni mwiba tu.

Niwaulize jingine. Mmoja amejikata na panga, damu imeruka, watu wamepiga kelele. Mwingine amekanyaga jino la reki, limeingia kidogo kwenye nyayo na kutoka, tone moja la damu, basi. Nani wa kuhofia zaidi kwa pepopunda?

Nasikia panga. Hapana. Mara nyingi ni huyo wa reki. Kijidudu cha pepopunda hukaa ardhini na kwenye samadi, kimejifunga ndani ya ganda gumu, na kinaweza kukaa hivyo miaka. Hakipendi hewa. Mjapani Kitasato Shibasaburo alipofanikiwa kukikuza peke yake mwaka 1889, ilimbidi kwanza akinyime hewa. Sasa lile tundu jembamba la jino la reki, lililoziba juu na kubaki na uchafu chini, ni mahali gani hapo kama si pasipo na hewa? Mwenye jeraha la panga anasafishwa na damu yake mwenyewe, halafu anakimbizwa hospitali. Mwenye tundu anafuta na jani, anaendelea kupalilia.

Dalili kwa kawaida huja kati ya siku 3 na 21, wakati tundu lenyewe limeshasahaulika. Taya linakaza. Shingo inakaza. Mgonjwa anashindwa kufungua kinywa, na hata kishindo cha mlango kinaweza kumkakamaza mwili mzima. Waliougua wakapona hawapati kinga kwa kuugua. Nao wanahitaji chanjo kama sisi. Chanjo hiyo huongezwa kila baada ya miaka 10, na kwa jeraha chafu au lenye kina, kama ya mwisho imepita miaka 5, utachomwa nyingine. Kwa hiyo swali langu kwenu ni rahisi: mara ya mwisho ulichomwa lini? Naona mnatazamana. Wanaume wengi waliomo humu walichomwa wakiwa watoto, na tangu hapo hawajarudia. Akina mama wengi walichomwa walipokuwa wajawazito, na mtoto mwenyewe sasa ana ndevu.

Jeraha dogo linaoshwa kwa maji yanayotiririka na sabuni, dakika kadhaa, si kumwagia mara moja. Mwiba unatolewa kwa kibanio safi. Msichokonoe kwa mwiba mwingine! Mnacheka, lakini mnafanya.

Tukiwa bado kwenye udongo. Mwaka 1988 nchini Marekani watu 84 katika majimbo 15 waliugua ugonjwa wa ngozi unaoitwa sporotrikosisi. Wengi wao walikuwa wameshika miche ya miti iliyosafirishwa ikiwa imefungwa kwa kuvumwani, ile mimea laini ya majimaji inayotunza unyevu kwenye mizizi. Ndani ya kuvumwani hiyo mlikuwa na kuvu. Kuvu huyo huingia kwa kamkwaruzo usikokakumbuka. Wiki kadhaa baadaye kinatoka kinundu kisichouma mkononi. Halafu kingine juu yake. Halafu kingine, vinapanda kuelekea kwapani kama shanga kwenye uzi. Watu wanapaka hiki na kile, haviishi, kwa sababu vinataka dawa ya kuvu, ya kutumia kwa miezi. Ukiona vinundu vinajipanga namna hiyo, mwambie daktari kwamba unafanya kazi ya bustani. Sentensi hiyo moja itampunguzia kazi ya kubahatisha.

Na ule mfuko wa udongo wa kuoteshea? Mnaufungua vipi? Mnachana kwa meno au kisu, mnaweka uso juu yake, mnanusa mmeridhika. Huko Australia, jimbo la Australia Kusini, kati ya 1988 na 1989 watu walipata homa kali ya mapafu, na uchunguzi ukafika kwenye udongo wa kuoteshea. Mlikuwa na bakteria anayeitwa Legionella longbeachae, anayeingia na vumbi tunalovuta. Hatari yake ni kubwa zaidi kwa wazee, wavuta sigara na wenye mapafu dhaifu. Leo mifuko ya huko huuzwa ikiwa na onyo juu yake. Fungua mfuko nje, uelekeze mbali na uso, nyunyiza maji kidogo vumbi litulie, ukiwa na barakoa ivae, na ukimaliza nawa mikono kabla hujashika mdomo. Dakika haifiki.

Sasa nakuja kwenye jambo ambalo, mkinisamehe, nitalisema kwa ukali. Dawa za wadudu na za magugu.

Kuna kisa kimetokea sehemu nyingi kiasi kwamba sina haja ya kumtaja mtu. Mtu ananunua dawa ya magugu, chupa kubwa. Jirani anamwomba kidogo. Chombo hakuna, inachukuliwa chupa ya soda. "Mara moja tu, kesho naipiga inaisha." Kesho inanyesha mvua. Chupa inawekwa dirishani kwa banda. Lebo haina. Kifuniko ni kile kile cha soda. Anakuja mtu mwingine, ametoka juani, koo limekauka. Anapiga funda moja, anatema, anasema mbona chungu. Anasukutua mdomo, anarudi kazini.

Ikiwa ile ni parakwati, huyo mtu yuko hatarini kufa, hata kama jioni anatembea na kuongea vizuri. Dawa ya kuifuta mwilini haipo. Inaunguza mdomo na koo, inaharibu figo, kisha mapafu yanakakamaa kidogo kidogo, siku kwa siku, mgonjwa akiwa na akili zake timamu. Rangi yake ya asili ni ya hudhurungi, inafanana na soda, na ndiyo maana watengenezaji wengine walianza kuitia rangi ya bluu, harufu mbaya na kitu cha kutapisha. Umoja wa Ulaya haujairuhusu tangu 2007. Kwingine bado inauzwa.

Nasema, na nitarudia: dawa haihamishwi kutoka kwenye chupa yake. Jirani akitaka, mkaipige pamoja shambani kwake. Dawa haihamishwi. Chupa ikivuja, mrudishie muuzaji. Dawa haihamishwi kwenye chupa ya soda, ya maji, ya mafuta, wala kwenye kikombe cha zamani. Chumba cha dawa kina kufuli, na ufunguo haukai juu ya mlango ambako kila mtoto wa nyumba anajua uko.

Upigaji wenyewe. Wengi mnajilinda wakati wa kupiga, mkiwa na bomba mgongoni, lakini wakati wa kuchanganya mko mikono mitupu. Ni kinyume kabisa! Dawa iko kali kuliko wakati wowote pale inapotoka kwenye chupa, kabla haijakutana na maji. Hapo ndipo pa glavu za mpira na miwani. Glavu za kitambaa ni mbaya kuliko mikono mitupu, kwa sababu zinalowa na kukubandika dawa kwenye ngozi kutwa nzima. Na bomba linalovuja mgongoni, likalowesha suruali hadi mapajani, lisivumiliwe. Ngozi ya sehemu za siri hupitisha dawa upesi mno kuliko ngozi ya mkono. Naona akina baba wamekaa sawa. Vizuri.

Nozeli ikiziba, usiipulize kwa mdomo. Nimeona mtu mzima anafanya hivyo huku anazungumza nami. Tumia brashi laini au kijiti cha unyasi, na uwe na nozeli ya akiba mfukoni. Upepo ukigeuka, simama. Chupa ikiisha, suuza mara tatu, na kila maji ya suuza yaingie kwenye bomba, si mtaroni. Halafu itoboe ili mtu asiione nzuri akaichotea maji. Nguo za kazi zifuliwe peke yake, na anayezifua ajue zina nini. Mara ngapi tunamlinda mpigaji tukamsahau mfuaji?

Mtu akimeza, msimtapishe wala msimpe maziwa kwa sababu tu mmesikia yanasaidia. Mpelekeni hospitali pamoja na chupa yenyewe au lebo. Ikimwagika mwilini, nguo zote zitoke, maji mengi, sabuni. Ikiingia jichoni, maji safi dakika 15 kwa kutazama saa, sio kwa kukadiria. Dakika 15 ni ndefu sana jicho likiwa linawasha. Wengi huacha ikifika ya pili. Hivyo hivyo kwa utomvu mweupe wa mimea ya jamii ya mnyaa: tunaikata kuzunguka ua tukiangalia juu, utomvu unadondoka, jicho linaungua.

Macho. Ngoja niseme kidogo hapa, maana watu wakisikia jicho wanafikiria mashine tu. Adui mkubwa ni ile fito uliyosimika wewe mwenyewe kushikilia mmea. Ni nyembamba, imekaa wima, na ukiiangalia kutoka juu huioni, inakuwa nukta. Unainama haraka kuokota kitu. Valisheni fito zote kofia: kifuniko cha chupa, kizibo, mpira wa zamani uliokatwa, chochote chenye upana.

Kuhusu mashine za kukatia nyasi nina visa vingi, nitatoa kimoja. Kijana anakata nyasi asubuhi, zina umande, zinaziba chini ya mashine. Injini inazima yenyewe. Anasema, imezima, hapa ni mara moja tu, anaingiza mkono kuchomoa nyasi. Nyasi zilikuwa zimeubana upanga. Alipozichomoa, upanga ukajirudi. Mzunguko nusu tu, injini haiwaki, lakini vidole viwili vilibaki kwenye nyasi. Mashine ya petroli ikizimika bado si salama mpaka uchomoe waya wa plagi. Ya umeme, utoe kwenye soketi. Na hapo utumie kijiti, si kidole. Ncha ya ule upanga ukiwa kazini inaweza kupita kilomita 300 kwa saa, kwa hiyo kajiwe kilichokaa kwenye nyasi kinaondoka kama risasi, na hakichagui mwenye mashine. Okoteni mawe kwanza. Watoto wawe ndani, si pembeni wakitazama.

Waya wa umeme upite nyuma yako, begani, usiutangulize. Soketi ya nje iwe na kile kikata umeme cha usalama kinachokata mkondo ukivuja miliampea 30. Nyasi zikiwa na maji, ahirisha. Ngazi: kwa kila mita nne za kwenda juu, miguu yake isogee mita moja kutoka ukutani, na msumeno usipande nao mkononi, uvutwe kwa kamba ukishatulia. Kwa hayo sina kisa kipya. Ni yale yale mnayoyajua.

Nyoka. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba kila mwaka watu kati ya 81,000 na 138,000 hufa kwa kuumwa na nyoka, na mwaka 2017 likauweka ugonjwa huo kwenye orodha ya magonjwa yaliyopuuzwa. Ni wengi hao, na sehemu kubwa ni watu wa shambani kama sisi. Kanuni ninayowapa ni moja: mkono usiende mahali ambako jicho halijafika. Rundo la majani, gogo, mfuko ulioachwa chini, buti zilizolala nje usiku. Geuza kwanza kwa fimbo ndefu au reki. Rundo la mboji lina joto, lina panya, lina kivuli, nyoka atataka nini zaidi?

Ukiumwa, usichanje, usinyonye, usifunge kamba ya kukaza. Vua pete na saa kabla mkono haujavimba, tulia, kiungo kisitikisike, na ubebwe kwenda hospitali. Usimfukuze nyoka ili umwoneshe daktari. Kuna waliokwenda kumtafuta wakaletwa wawili.

Nyuki wanakerwa na mtetemo na kelele za mashine. Kabla ya kuwasha, zunguka uone kama wamejenga kwenye mti au ukutani. Mmoja akikuuma, ule mwiba unaacha harufu inayofanana na ndizi mbivu, na hiyo ndiyo taarifa kwa wenzake kwamba waje hapo hapo. Ukwangue upesi utoke, kwa ukucha au chochote, ondoka haraka uingie ndani ufunge mlango. Mtu akivimba midomo, akianza kupumua kwa shida au akizimia, hiyo si ya kusubiri, ni hospitali sasa hivi. Aliyewahi kupata hali hiyo aulize daktari kuhusu sindano ya adrenalini ya kutembea nayo.

Basi. Mwenyekiti ananionesha saa. Kabla ya mbegu, kuna kazi moja. Hapa mezani nina makopo matatu ya dawa, matupu, yameshasuuzwa na kutobolewa. Gawanyikeni makundi matatu, kila kundi lichukue moja, na mwenye macho mazuri awasomee wenzake lebo. Nataka mambo manne. Mkanda wa chini ni wa rangi gani: nyekundu ni sumu kali kabisa, kisha njano, kisha bluu, kisha kijani. Ukishapiga, ukae siku ngapi kabla ya kuvuna. Ikimezwa, lebo inasema mfanye nini. Na la nne, hayo maandishi, mnaweza kuyasoma bila miwani? Kama hamwezi, tuongee nani nyumbani kwenu atawasomea. Nawapa dakika kumi. Vijana wa nyuma, njooni mbele, viti vimepatikana.